Ukuta wa Kila Desemba

Kwenye kompyuta ya karakana yangu pale Kayanga kuna michoro thelathini na moja niliyoiita Mama. Mama wa kwanza, Mama wa pili, hadi Mama wa thelathini na moja. Yote ilikosea. Niliichora kwa miaka mingi, kila mmoja nikiamini kwamba safari hii nimempata, na kila nilipomaliza nikasogeza kiti nyuma kuutazama, niliona ukuta wa mwanamke mwingine. Labda wa jirani, labda wa shangazi. Wa mama yangu haukuwemo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata dada yangu mkubwa huwaambia watu kwamba nauza mapazia. Siuzi mapazia. Nawabunia watu nakshi za nyumba zao: za mapazia, za vitambaa vya makochi, za foronya, na siku hizi za karatasi za ukutani, ambazo wateja wangu wote huziita wolpepa. Mtu akimaliza kujenga ananiita. Nafika, naombwa nikae, naletewa chai, halafu naanza kuuliza maswali ambayo fundi rangi hawezi kuyauliza. Ulipokuwa mtoto, mlango wa nyumba yenu ulitazama wapi? Bibi yako alifuma nini? Kuna mteja mmoja, mkulima mkubwa wa kahawa, aliyemnong'oneza mkewe kwamba huyu mama ametumwa na wachawi. Leo sebule yake ina mapazia yenye nakshi ya kifuniko cha kikapu ambacho mama yake alikuwa akiwakaribishia wageni kahawa ya kutafuna, na kila mgeni akiingia lazima aelezwe habari ya kikapu hicho kabla hajapewa maji.

Michoro yote naitengeneza kwenye kompyuta. Vitambaa nachapa mwenyewe kwa mkono, juu ya meza ndefu. Karatasi natuma Mwanza kwenye mitambo mikubwa, zinarudi kwa basi zikiwa zimeviringishwa. Kuna jambo moja dogo la ufundi ambalo msomaji itabidi alikumbuke. Dirisha lina mapazia mawili. Kama nakshi ina majani yanayolala upande mmoja, ukishona yote mawili kutoka mchoro uleule yataonekana yanafuatana kama watu walio kwenye foleni. Kwa hiyo mchoro wa pazia la pili naugeuza, kushoto kunakuwa kulia, ili mapazia yatazamane. Kwenye kompyuta ni kitufe kimoja tu. Nimekibonyeza kwa miaka hadi maandishi yake yamefutika.

Sasa nirudi kwa Mama.

Nilizaliwa Kamuli, kwenye kibanja cha migomba na mibuni, katika nyumba ya miti na udongo. Kwetu Desemba haikuanza kwa kalenda. Ilianza siku Mama alipotutuma na ndoo mbili tupu kwa jirani mwenye ng'ombe. Tulirudi nazo zimejaa kinyesi kibichi, tukitembea mbali mbali na wenzetu ili wasituzomee, na wenzetu wakitembea mbali mbali nasi kwa sababu hiyohiyo, wakiwa na ndoo zao. Mama alichanganya kinyesi na majivu ya maganda ya ndizi na udongo mweupe aliouchimba mwenyewe karibu na kijito. Alikanda kwa mikono hadi ukawa laini kama ugali wa muhogo. Kisha alisiriba ukuta wa sebule, ule unaotazamana na mlango, akaufunika kabisa ukuta wa mwaka jana. Ulipokuwa bado mbichi, akazamisha vidole vitatu na kuvuta.

Vidole vitatu vikivutwa juu ya udongo mbichi huacha mistari mitatu iliyoshikana. Mama aliilaza, akaipandisha, akaikata, akaanza mingine pembeni yake, safu baada ya safu, kuanzia usawa wa kichwa chake kushuka chini. Kila mwanamke pale kijijini alifanya hivyo Desemba, na kila mmoja alikuwa na mkono wake. Siku ya Krismasi, tukitoka kanisani, watu walipita nyumba hadi nyumba wakila na kusifu, na walipofika barabarani wakasema waliyoyaona hasa. Fulani mwaka huu amechora kama anakimbizwa. Fulani amemwachia binti yake, anajifanya mgonjwa. Kuhusu ukuta wa Mama walisema tu kwamba ni wake. Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwamba hiyo ilikuwa sifa.

Mimi nilipewa safu ya chini kabisa, ile ya usawa wa magoti. Mama alichora juu, nami nimechuchumaa chini yake nikifuata anachofanya, majimaji ya udongo yakinidondokea kichwani. Nikikosea hakunifokea. Alisema, "Endelea, kuku hawajali." Kwa sababu ni kuku tu waliokuwa warefu kama safu yangu.

Kuna desturi nyingine niliyoikuta. Mwanamke mwenye nyumba akifariki, ukuta wake wa mwisho hauguswi. Desemba inayofuata inapita bila kusiribwa, na wageni wakiingia wanaujua msiba kwa kuona ukuta uliopauka, wenye nyufa, kabla hata hawajauliza. Desemba ya pili, wanawake wa ukoo wanakuja na ndoo na kuufunika, na nyumba inarudi kuwa ya walio hai.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na saba. Desemba ya kwanza ilipita. Kitanda changu nilikuwa nimekihamishia sebuleni, nikalala nikiutazama ukuta wake mwaka mzima na zaidi, nikaamini nimeukariri kama Baba Yetu. Desemba ya pili shangazi zangu walifika. Mimi ndiye niliyewashikia ndoo. Walisiriba wakiimba nyimbo za kanisani, na kufikia saa sita mchana ukuta wa Mama ulikuwa umekwisha. Hatukuwa na kamera. Picha yake pekee tuliyonayo alipigwa akiwa na wanakwaya wenzake, nyuma yao kuna pazia la studio lenye mnazi, mti ambao nadhani hakuwahi kuuona.

Miaka michache baadaye nilipojaribu kuuchora ukuta huo kwenye daftari, haukuja. Nilikasirika, kisha nikaogopa. Nadhani kazi yote hii niliyoifanya baadaye, ya kuwaulizauliza watu habari za bibi zao na kuwarudishia kwenye mapazia, ni kwa sababu ya kushindwa siku ile.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilipigiwa simu na mama mmoja wa rika langu anayefanya kazi Dar es Salaam. Kwao ni Songambele. Yeye na ndugu zake walikuwa wamemjengea mama yao nyumba ya matofali ya kuchoma, marumaru chini, bati la rangi juu, maji hadi jikoni. Ilikuwa imekaa miezi minne bila mtu. Mama yao alikataa kuhamia. Aliendelea kulala kwenye nyumba ya zamani, hatua thelathini kutoka ile mpya, nyumba iliyoegemea upande mmoja hadi wajukuu walikuwa wameitegea nguzo mbili za mikaratusi.

"Dada, mvua za vuli zinakuja," aliniambia. "Ile nyumba haivuki Novemba. Itamwangukia mama yangu usingizini. Nimemsihi, kaka amemsihi, mchungaji amemsihi. Anasema nyumba mpya haina mtu. Nikamwambia ndiyo, haina mtu kwa sababu hujaingia! Naomba uende umwoneshe vitambaa vyako, umrembeshee, labda atapenda."

Nilikwenda kwa bodaboda, nikafika na vumbi hadi kwenye kope. Nilimkuta bibi kizee amekaa nje akimenya ndizi, kisu hakitulii mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa mapazia?"

Niliuma meno. "Ndiye mimi, mama."

"Mwambie aliyekutuma nyumba yake ni nzuri. Wageni walale humo." Kisha akanyanyuka, maana pamoja na ukaidi wake hakuwa mtu wa kumwacha mgeni juani, akanikaribisha ndani.

Nikauona ukuta. Wazazi wa bibi huyu walitoka ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, yeye akiwa mgongoni, na mkono wake haukuwa kama wa wanawake wa kwetu. Safu zake zilikatwa kwa pembe kali, nyeusi na nyeupe, na pembeni aliweka wekundu wa udongo kidogo tu, kwa ubahili. Ulikuwa wa Desemba iliyopita na bado umesimama vizuri, ingawa ukuta wenyewe ulikuwa umeinama kiasi kwamba nilijikuta nainamisha kichwa ili kuutazama. Tangu siku niliyoshika ndoo sikuwa nimeingia nyumba yenye ukuta wa namna ile. Kamuli siku hizi ni saruji na rangi ya maji, na kijijini kwetu sijui mwanamke hata mmoja anayechora bado.

Nilimwomba ruhusa ya kuupiga picha. Akacheka, akasema piga, hautakimbia. Nikapiga kila safu, nikapima kwa futi, nikalaza karatasi nyembamba juu yake na kufuatisha kwa penseli. Yeye alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwendawazimu asiye na madhara, akaniletea ndizi na maharage.

Wiki tatu nilifanya kazi hiyo kama sijawahi kufanya kazi. Niliuchora upya wote, kila mstari, hata pale kidole chake kiliposita. Sikunyoosha kitu. Nikautuma Mwanza, karatasi zikaja, nikazipeleka Songambele na fundi wangu wa gundi, tukabandika sebule ya nyumba mpya pande zote nne kabla ya mwenyewe kuruhusiwa kuingia. Bintiye alikuwa amekuja kutoka Dar kwa ajili ya siku hiyo. Aliposimama katikati ya sebule alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanikumbatia, akasema sasa atahamia. Nami niliamini hivyo. Naweza kusema ukweli kwamba nilikuwa nimevimba kwa majivuno, nikishangaa kwa nini sijaitwa redioni.

Tukamleta. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akasimama. Alizunguka taratibu, ukuta hadi ukuta. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Ni wangu," alisema.

"Ni wako, mama," nikasema.

"Umeuiba mkono wangu wote. Hata hapa nilipopiga chafya." Akacheka, na bintiye akacheka, na mimi nikaona ndio wakati wa kusema neno langu la kibiashara, lile ninalowaambia wateja wote.

"Na uzuri wake, mama, huu haufutiki. Hutahangaika tena na ndoo. Miaka kumi, kumi na mitano, unabaki hivihivi. Hausiribwi tena."

Aliondoa mkono.

"Hausiribwi tena?"

"Hausiribwi."

Alikaa kwenye ncha ya kochi jipya, lile lililokuwa bado na nailoni. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei:

"Kwa hiyo nimekufa lini?"

Bintiye hakuelewa. Alikuwa ameondoka nyumbani mdogo, akasoma bweni. Akaanza kusema, mama, mambo gani hayo, nani kakuambia habari za kufa. Mimi nilielewa mara moja, na nilitamani yale marumaru yapasuke nitumbukie.

"Mmeniwekea ukuta wa marehemu," bibi akasema. "Pande zote nne." Akanyanyuka, akavaa viatu vyake, akarudi kwenye nyumba yake iliyoegemea.

Nilirudi Kayanga nikiwa na hasira, na njia nzima niliitupa kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kwa yule bibi na ukaidi wake. Kwa bintiye, ambaye angeweza kunionya. Kwa dereva wa bodaboda, aliyeniuliza tu kama nimeshiba. Nilipofika karakana na kufungua mlango, nikaona kompyuta mezani, ndipo hasira ilipoisha na nikaona aibu. Desturi ile niliijua kuliko mtu yeyote. Nililala nikiitazama mwaka mzima. Sikuisahau kwa bahati mbaya. Nilichokitaka maisha yangu yote ni ukuta wa mwanamke usiofunikwa na mtu yeyote, nikaona nafasi ya kuutengeneza, nikautengeneza kwa furaha, bila kuuliza kama huyu mwanamke bado yu hai. Nililia. Niliwalilia wote wawili, bibi yule na Mama, na sikujua machozi yapi ni ya nani.

Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa, na bintiye alinipigia kusema nguzo moja ya mikaratusi imeteleza.

Siku ya tatu nilirudi Songambele na fundi wangu na kisu cha kubandulia. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliingia sebuleni, nikaenda kwenye ukuta unaotazamana na mlango, nikaanza kubandua karatasi yangu mwenyewe. Inauma, nisiseme uongo. Ilibanduka kwa vipande virefu, na kila kipande nilikijua. Fundi alinifuata akachokoa saruji kwa nyundo na patasi ili iwe na mikwaruzo ya kushikia. Bintiye akatoka chumbani mbio.

"Dada unafanya nini? Unaharibu!"

"Naomba ndoo mbili," nikamwambia. "Na unielekeze kwa jirani mwenye ng'ombe."

"Kinyesi? Sebuleni? Kwenye marumaru?"

"Tutatandika magunia."

Nadhani alitaka kunifukuza. Lakini nyuma yake, mlangoni, mama yake alikuwa amesimama. Kelele za nyundo zilikuwa zimemleta. Aliutazama ule ukuta wa saruji uliokwaruzwa, mtupu, mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kumpelekea mteja.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako, mama. Hizo kuta tatu zingine ziwe zangu, na karatasi yangu, nisamehe, au nizibandue pia. Huu hapa utausiriba kila Desemba upendavyo."

"Desemba bado."

"Ndiyo, bado."

Akafikiri. "Kuhamia nako ni sikukuu," akasema, kisha akamgeukia bintiye: "Mwanangu amekuomba ndoo. Mbona umesimama?"

Yule mama wa Dar, na kucha zake zilizopakwa rangi, alikwenda mwenyewe kwa jirani. Akarudi ameshikilia ndoo mbali na sketi, uso ameugeuza pembeni, na mama yake akacheka hadi akashika mlango. Tukakanda. Tukasiriba. Bibi alianza juu, pembe zake kali zikishuka moja baada ya nyingine, mkono haukutetemeka hata kidogo, ingawa kikombe cha chai alikuwa hawezi kukishika bila kumwaga. Alipofika usawa wa kiuno akasimama, akashika mgongo.

"Magoti yangu hayashuki tena," alisema. "Miaka mitatu sasa safu ya chini naiacha. Wewe chora. Chora ya kwenu, usiniibie tena yangu."

Nikachuchumaa. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini, nimevaa gauni la kazi, na majimaji ya udongo yakanidondokea kichwani. Nilizamisha vidole vitatu. Sikuwa na mchoro mbele yangu, wala penseli, wala futi, na udongo ulikuwa unakauka, kwa hiyo sikuwa na muda wa kufikiri. Nikavuta tu. Nikalaza, nikapandisha, nikakata, nikaanza pembeni. Nilifika kona ya ukuta nikiwa natweta na kifundo cha mkono kinauma.

Bibi alikuwa ameletewa kiti chake, akaketi akinitazama.

"Waitu, mwanangu," alisema, "mbona unaupinda mkono hivyo?"

"Nimeupindaje?"

"Unatumia kulia, na mistari yako inalala kushoto. Angalia yangu. Angalia ya mtu yeyote. Mkono wa kulia unalaza kulia. Wewe unauvunja mkono kuulaza upande usio wake." Akainama kidogo kuiangalia safu yangu vizuri. "Aliyekufundisha alichora kwa kushoto. Ulikuwa unamfuata."

Nilisema hapana. Nilisema mama yangu alitumia kulia kama watu wote. Alisalimia kwa kulia, alipakua kwa kulia, alilima kwa kulia. Nikasema hivyo nikiwa nimechuchumaa, vidole vimeganda udongo, huku safu yenyewe iko mbele ya macho yangu imelala kushoto kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikatoka nje, nikanawa mkono mmoja, nikampigia dada yangu mkubwa.

"Kwani ulisahau?" akasema, na nyuma yake nikasikia redio. "Mama alikuwa wa kushoto. Bibi alimchapa sana utotoni hadi akaacha. Lakini ukutani alirudia kushoto. Alisema ukutani simsalimii mtu wala simpi mtu chakula." Akapunguza redio. "Wewe ulikuwa chini yake muda wote. Nilidhani unajua."

Niliporudi ndani, bibi alikuwa ameshaanza kuhama. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amebeba kigoda chake na kikapu chake cha kahawa, anavuka zile hatua thelathini, na bintiye nyuma yake na godoro kichwani, anaongea na Mungu kwa sauti. Alikiweka kigoda mbele ya ukuta uliokuwa bado mbichi, akakaa, akanikaribisha nyumbani kwake, akanipa punje za kahawa nitafune. Akanishukuru kwa safu ya chini. Akasema Desemba nije niirudie, nisije nikatuma mtu. Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, na bintiye alinitumia picha ya nyumba ya zamani ikiwa imelala chali kwenye migomba. Haikuwa na mtu ndani.

Lakini jioni ya siku ile ya kusiriba, nilipofika Kayanga sikubadilisha gauni. Nilifungua kompyuta, nikafungua Mama wa thelathini na moja, yule niliyedhani anakaribia kuwa yeye. Mistari ilikuwa imelala kulia, safi, kama ya watu wote. Nikabonyeza kile kitufe cha mapazia.

Haikuwa yeye. Ulikuwa ni mchoro mbaya tu, uliotazama upande mwingine. Nikafungua wa thelathini. Nikarudi nyuma, mmoja mmoja, nikigeuza, ishirini na saba, ishirini na mbili, kumi na nne. Nilipogeuza wa tisa, mkono wangu ulisimama.

Ndio huo. Ndio ukuta niliolala nikiutazama, na nyumba nzima ikarudi nao, mlango, ndoo, kuku, harufu ya majivu. Nilikuwa nimemchora nikiwa na miaka ishirini na kitu, kwenye daftari, kabla hata sijajua kompyuta ni nini, na baadaye nikamhamishia humo pamoja na wengine. Nikamtazama, nikaona si yeye, nikamweka kando na kuchora wengine ishirini na wawili. Alikuwepo muda wote huo, nimemgeuza, kwa sababu nilitaka awe wa kulia.